Hakuna Aliyeuliza Akidi

Alhamisi moja nililipwa kwenda kuhesabu watu. Shirika moja dogo lilitaka kujua ni wawakilishi wadi wangapi hukaa bungeni mpaka kikao kiishe, na kwa kuwa mimi hufanya kazi yoyote ya kalamu inayopita mbele yangu, nilikubali. Karatasi niliyopewa ilikuwa na safu mbili tu: idadi kikao kikianza, idadi kikao kikiisha. Kazi rahisi. Kalamu moja, chupa ya maji, na kiti kwenye sehemu ya umma ya bunge la kaunti.

Bunge lenyewe sitalitaja. Yako 47 nchini na sina sababu ya kudhani hili ni baya kuliko mengine.

Saa nane na nusu afisa mwenye glavu nyeupe aliingia na rungu la bunge begani, Spika akamfuata, sote tukasimama. Rungu hilo kwa Kiswahili cha bunge huitwa siwa. Jina hilo hunichekesha kidogo, maana siwa za Pate na Lamu, ile ya pembe za ndovu na ile ya shaba, zilikuwa za kupulizwa. Mtu alipooa katika nyumba kubwa au mtawala alipotawazwa, siwa ililia na mji mzima ukajua kuna jambo. Hii ya bungeni hailii. Inalazwa mezani, na ikishalazwa, kikao kimeanza.

Nilihesabu 38. Wajumbe wote ni 60, kwa hivyo tulikuwa vizuri. Sheria inataka theluthi moja, yaani 20, ndiyo iwe akidi, na bila akidi bunge haliwezi kuamua kitu.

Halafu kikaja kile ambacho hakuna mtu hukipiga picha. Hati zikawekwa mezani. Mjumbe mmoja akaomba kauli kuhusu taa za barabarani zilizozimika, mwingine akauliza dawa za zahanati ya wadi yake zimeenda wapi. Mwenyekiti wa kamati fulani akaomba muda zaidi wa kuandaa ripoti, akapewa, na kwa sauti ya waliompa nilijua si mara ya kwanza. Yote haya kwa Kiingereza, maana huko mijadala ni Kiingereza mpaka mtu akasirike. Mimi nilisinzia. Nilipoamka watu walikuwa wamepungua, nikahesabu tena kwa sababu ya aibu tu: 23.

Shughuli ya saba ilikuwa Mswada wa Fedha wa kaunti, hatua ya Kamati ya Bunge Zima. Spika akashuka kitini, siwa ikashushwa chini ya meza kama desturi inavyotaka, na mwenyekiti akaanza kusoma vifungu. Kifungu cha pili. Wanaokubali waseme ndiyo. Ndiyo. Wanaokataa? Kimya. Kifungu cha tatu. Ukisikia jinsi inavyokwenda utadhani ni watoto wanakariri jedwali la kuzidisha. Mtu mmoja akatoka akiwa na simu sikioni. Wawili wakamfuata. Wakafika kwenye jedwali la ada: maegesho, leseni za biashara, machinjio, masoko. Kibanda cha mboga, kutoka shilingi 30 kwa siku hadi 50.

Hapo ndipo niliamka kabisa, kwa sababu mamangu ana kibanda cha mboga. Nikahesabu upya. Mara ya kwanza nilipata 14. Nikadhani nimekosea, nikahesabu kutoka upande wa pili. 14.

Jedwali hilo liwe sehemu ya Mswada? Ndiyo, wakasema 14, na ukifumba macho usingejua kama ni 14 au 60.

Nilikuwa nangoja mtu aseme. Nilidhani akidi ni kama mafuta ya gari, yakiisha gari linasimama lenyewe. Kumbe sivyo. Kikao kinaendelea mpaka mjumbe ainuke na kumwambia mwenye kiti kwamba hatutoshi. Akishasema, kengele inalizwa ili walio nje warudi, na wasiporudi shughuli inaahirishwa. Asiposema, tunatosha. Mimi kule juu sikuruhusiwa kufungua mdomo, na ndivyo inavyopaswa kuwa, la sivyo kila kikao kingekuwa mkutano wa hadhara. Kwa hivyo mtu pekee chumbani aliyelipwa kuhesabu alikuwa ndiye asiyeweza kutaja hesabu yake.

Shughuli ya nane: ripoti ya kamati ya elimu kuhusu mgao wa basari. Wakaipitisha kwa dakika chache. Kikao kikaahirishwa. Nikaandika 14 kwenye safu ya pili.

Nje, karibu na lango, nilimkuta mjumbe mmoja aliyekuwa amekaa mpaka mwisho. Mzee mpole, anavaa sweta chini ya koti. Nikamwambia, Mheshimiwa, mlikuwa 14. Hakushtuka.

"Najua," akasema. "Nilihesabu pia."

"Na haukusema?"

Akanitazama kama mtu anayeamua kama nastahili jibu. "Kijana wangu, ile ya nane ilikuwa basari. Shule zinafunguliwa Jumatatu. Ningesimama, kengele ingelia, na wale walishasaini rejista wakaenda, wengine wako njiani kwenda nyumbani. Tungeahirisha hadi Jumanne. Jumanne mtoto ashafukuzwa. Sasa wewe ungefanya nini?"

Nilinyamaza, na si kwa heshima tu. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo. Basari niliyokuwa nimeahidiwa ilifika muhula mmoja baadaye, wakati kitanda changu hosteli kilikuwa na mtu mwingine. Kwa hivyo mzee aliponiambia kuhusu Jumatatu na Jumanne hakuwa ananifundisha kitu. Najua wiki moja inaweza kumfanya mtu nini. Kama miaka ile kungekuwa na mjumbe fulani aliyeona viti vitupu akanyamaza ili hundi yangu itoke, leo ningemwita mtu mwema na nisingeuliza walikuwa wangapi.

Hiyo ndiyo sababu nimekaa na jambo hili muda mrefu. Ningependa awe mwovu. Angekuwa amelala, au amenunuliwa, ningeandika malalamiko yangu nikaenda zangu. Lakini ni mtu aliyepima mambo mawili, kanuni na watoto, akachagua watoto.

Shida yangu ni kwamba hakupima mambo mawili. Alipima moja. Kimya chake hakikuanza kwenye shughuli ya nane. Kilikuwepo tayari kwenye ya saba, wakati ada ya mamangu inapanda. Asingeweza kuvunja kimya pale kisha akakirudisha kwa ajili ya basari, maana kengele ikilia imelia. Ili kuokoa karo za watoto ilibidi aruhusu wauza mboga watozwe na watu 14, na baadhi ya watoto hao, kwa kweli, ni wa wauza mboga. Sidhani alifikiria hivyo. Nadhani alifikiria basari, na ile nyingine ikapita tu kama abiria wa bure.

Mtu ataniuliza, lakini wangekuwa 20 si wangesema ndiyo vilevile? Pengine. Inawezekana hata wangekuwa 60 ada ingepanda. Basi tofauti iko wapi?

Fikiria matatu ya watu 14 ikiwa imebeba 18. Kila mtu ndani anajua. Yule aliyekalia kibao cha sambaza anajua kuliko wote. Hakuna anayesema, kwa sababu ni jioni, mvua iko karibu, na anayelalamika anaambiwa ashuke angoje nyingine. Na mara nyingi mnafika. Ungemuuliza abiria yeyote angekwambia kunyamaza kulikuwa busara, na kwa safari hiyo yuko sawa. Ila ile namba 14 haikuandikwa kwenye mlango kwa ajili ya safari mnazofika.

Akidi nayo ni hivyo. Sheria hufunga mtu ambaye hakuwepo. Mamangu hakuwepo, alikuwa anafunga sukuma mafungu. Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema hakuna ushuru au ada ya leseni itakayotozwa au kubadilishwa ila kwa sheria, na Kifungu cha 196 kinataka mabunge ya kaunti yafanye shughuli zao kwa uwazi na vikao viwe mbele ya umma. Tukitoa maneno makubwa, ahadi iliyobaki ni ndogo sana: kabla ya kukuongezea shilingi 20, theluthi moja ya watu uliowalipa wakae chumbani wasikie ikisomwa. Hatuombi waelewe. Hatuombi hata wapinge. Wakae tu.

Kuna nchi wanazipigania hesabu hizi mpaka vichekesho. Mwaka 1840 Abraham Lincoln, akiwa mjumbe wa bunge la jimbo la Illinois, aliruka dirishani na wenzake ili akidi ivunjike, na ilikuwa bure kwa sababu alikuwa ameshahesabiwa. Mwaka 2021 wabunge wa chama cha Democratic wa Texas walipanda ndege wakaenda Washington ili theluthi mbili inayotakiwa huko isipatikane na mswada wa uchaguzi usipite. Unaweza kuwapenda au kuwachukia, lakini walijua kwamba mwili wa mtu kwenye kiti ni kitu. Wetu wanatoka bila hata kunuia kuzuia lolote. Wanatoka kwa sababu wanajua kutoka kwao hakutazuia lolote.

Na kumbukumbu haitasema. Hansadi itaandika kwamba hoja iliulizwa ikakubaliwa. Kila neno hapo ni kweli: iliulizwa, ikakubaliwa. Mtu akiisoma miaka 20 ijayo ataona bunge. Hili linanisumbua kuliko uongo wa kawaida, kwa sababu uongo una mtu aliyeusema. Hapa nitamshika nani? Mwenyekiti aliuliza. Karani aliandika. Mzee wangu wa sweta aliwafikiria watoto. Waliotoka hawakupiga kura yoyote mbaya; hawakupiga kura kabisa.

Tarehe 25 Juni 2024 nilikuwa barabarani Nairobi kama maelfu wengine. Siku hiyo tuliwajua kwa majina. Mswada wa Fedha ulipita bunge la taifa kwa kura 195 dhidi ya 106, na orodha ya walioukubali ilizunguka kwenye simu zetu kabla moshi haujatulia. Watu walikufa siku hiyo, na siku iliyofuata rais akasema hatautia sahihi. Siijutii siku ile. Ila kaunti yetu pia ilikuwa na Mswada wake wa Fedha mwaka ule, na mimi sikujua ulisomwa lini. Tangazo la kuwaita wananchi watoe maoni lazima lilibandikwa mahali. Sikulitafuta. Hasira yangu ilihitaji siku kubwa, yenye namba na majina, na kumbe ada nyingi za maisha yetu huwekwa Alhamisi saa kumi na watu waliochoka.

Kwa hivyo ningemjibu nini mzee? Nimepata jibu, lakini limekuja limechelewa kama basari yangu. Ningemwambia asimame. Si baada ya shughuli ya nane wala wakati wa ya saba. Asimame mapema, walipokuwa 19, wakati wengi wangali mkahawani na magari yao bado yako uani. Kengele ingewapata. Kila dakika aliyongoja ndiyo iliyofanya kusema kuwe ghali zaidi, mpaka bei ikafika watoto wasio na karo, na hapo mtu mwema hawezi kulipa. Alinionyesha chaguo la mwisho kana kwamba ndilo lilikuwa la pekee. Lakini hata nikisema hivi naona ninavyoongea kirahisi, mimi ambaye saa ya 19 ilinikuta nikichora vyumba kwenye karatasi yangu.

Nilipomweleza Mama, hakushangaa kuhusu wajumbe. Alishangaa kuhusu mimi.

"Sasa si ulikuwa hapo?"

Nikamweleza kwamba wageni hawaruhusiwi kusema. Akaendelea kufunga sukuma. "Mkiwa huko juu," akasema baadaye, "wao wanawaona?"

Nikasema wanatuona. Viti vinatazamana.

"Mlikuwa wangapi?"

Hiyo safu haikuwa kwenye karatasi yangu. Ilibidi nikumbuke: mimi, na mwanamume mmoja aliyekuwa akichaji simu.

Pesa ya kazi iliingia kwa M-Pesa Ijumaa. Jumanne nilirudi bila kutumwa na mtu. Kuingia ni bure, unaacha kitambulisho langoni. Tulikuwa wanne kwenye viti vya umma, wawili wao walikuwa wamekimbia mvua. Walipofika 21 nilisimama nikaegemea ukuta wa mbele, mahali ninapoonekana, nikaanza kuhesabu kwa kidole, polepole, kiti kwa kiti. Afisa wa glavu nyeupe akanionyesha kwa mkono niketi. Niliketi. Lakini mzee wa sweta alikuwa ameinua macho, na nikamwona naye akigeuza shingo, safu moja baada ya nyingine, midomo ikicheza.