Mwalimu Anayehitaji Kuambiwa

Tangu mtaala wa mwaka 2005, ni nadra semina ya walimu kwisha bila kusikia kwamba mwanafunzi ndiye kitovu cha somo. Nimeisikia kauli hiyo Temeke, nimeisikia Kinondoni, jijini Dar es Salaam, na mara nyingi huja na maelekezo yale yale: panga madawati kwa makundi, gawa mabango kitita, kila kundi lichague kiongozi, kisha liwasilishe. Yote yanafaa. Lakini nimeona pia makundi ya watoto wakihangaika kulifikia jibu ambalo mwalimu alishaliandika kwenye andalio lake la somo. Kilichokuwa katikati ya darasa lile ni andalio.

Basi mtu huwa katikati ya mazungumzo lini? Naamini ni pale mwenzake anapohitaji kitu ambacho yeye anacho. Maswali mengi ya darasani hayana uhitaji huo. Mwalimu anauliza huku jibu analo, mtoto anajua kwamba mwalimu analo, na kinachopimwa ni kumbukumbu na utii. "Tumeelewana?" "Ndiyooo!" Darasa zima limeitika, na hakuna aliyemwambia mwenzake jambo lolote.

Hapo ndipo mwalimu mgeni ananivutia. Nchi yetu imewajua wengi. Mwaka 1961 ulianza mpango wa Walimu kwa Afrika Mashariki, ulioleta vijana wa Kimarekani kufundisha sekondari za Tanganyika, Kenya na Uganda. Siku hizi mwalimu wa Kiingereza aliyetoka nje, ukimkuta Mbagala, Chamazi au Tegeta, huenda akawa Mkenya au Mganda aliyeajiriwa na shule binafsi, anayeishi kwa kibali cha kazi na chumba cha kupanga. Kufundisha ugenini ni maisha ya mashaka. Kuna faida moja tu ambayo sijaona ikitajwa: mgeni hajui, na kila mtu anajua kwamba hajui.

Nilikaa nyuma ya darasa la mwalimu wa namna hiyo, kijana kutoka Uganda, katika shule moja ya msingi huko Chamazi. Aliwauliza watoto wa darasa la sita vitumbua hutengenezwaje, kwa sababu alikuwa akivinunua kila asubuhi na hakujua. Msichana mmoja ambaye mama yake huviuza alisimama. Akaeleza kwa Kiingereza kwamba mchele unalala kwenye maji usiku kucha, na kitenzi chake kilikosa ile herufi s ya mwisho ambayo sarufi inaidai. Mwalimu hakumkatiza. Alimrudishia maneno yake kwa mshangao, kwamba unalala usiku kucha kweli, na katika swali lake kitenzi kikatokea kilivyo sahihi. Msichana akaendelea: kusaga, tui la nazi, iliki, hamira, kusubiri uumuke, chuma kipate moto sawasawa. Neno la hamira halikumjia, akalisema kwa Kiswahili, na wenzake watatu wakalitafuta kwa pamoja. Kufikia mwisho, herufi ile ilikuwa imeingia kwenye sentensi zake. Hakuna aliyemfundisha kanuni. Alikuwa na jambo la kumfikishia mtu anayelitaka, na lugha ikaja kwa ajili hiyo.

Wapo wanaosema haya ni mambo ya kigeni, kwamba mtoto wetu hulelewa kumsikiliza mkubwa. Sikubaliani nao. Kitendawili! Tega! Mtoto wa miaka saba humtegea babu yake, na babu akishindwa hutoa mji. Kesho yake asubuhi mtoto huyo huyo anampa shikamoo, wala heshima ya mzee haijapungua. Na Nyerere, aliyefundisha shule ya Pugu hadi alipoiacha kazi hiyo mwaka 1955 kwa ajili ya chama cha TANU, aliandika katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 kwamba shule inapaswa kujenga akili inayodadisi na mtu anayejiamini kama raia huru na sawa na wengine. Hajiamini mtu ambaye kwa miaka yote ya shule hakuwahi kuulizwa jambo ambalo muulizaji halijui.

Ugumu wa kweli uko kwingine. Ugeni huisha. Mwaka wa pili mwalimu yule atakuwa ameshajua vitumbua, daladala na mitaa yote, na mwalimu mzaliwa wa Temeke hakuwa na ugeni tangu mwanzo. Atahitaji nini kwa wanafunzi wake? Lipo jambo moja ambalo hakuna mwalimu analijua kabla ya kuambiwa, awe na miaka thelathini kazini: njia ambayo akili ya mtoto huyu imepita hadi kufika kwenye jibu hili. Swali "umefikaje hapo?" ni swali la kweli kila linapoulizwa, na hasa jibu linapokuwa limekosewa. Najua kiwango rasmi ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja shule ya msingi, na najua madarasa ya Mbagala yalivyo. Huwezi kuwauliza wote. Lakini mmoja akiulizwa kwa dhati na kosa lake likachukuliwa kama fikra, waliobaki wanaona kwamba hapa inaruhusiwa kufikiri kwa sauti.

Kikwazo kingine ni lugha. Kwenye shule ya sekondari ya kata, mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili huingia kidato cha kwanza akatakiwa kueleza njia ya fikra zake kwa Kiingereza. Hawezi, basi ananyamaza, na mwalimu anakosa kitu pekee alichokuwa akikihitaji. Walimu wengi humwacha aanze kwa Kiswahili, kisha wakamvusha taratibu. Hufanya hivyo kwa kujificha. Nataka wafanye hivyo mlango ukiwa wazi, mthibiti ubora wa shule akiwa amekaa dawati la nyuma, na wasidaiwe maelezo.