Benchi la Hickman na Jina la Moxon

Mwaka 1961, huko Uingereza, Ron Hickman alikuwa akijitengenezea kabati la nguo nyumbani. Hakuwa seremala. Alikuwa mbunifu wa magari, mzaliwa wa Greytown, Afrika Kusini, na gari la Lotus Elan lililotoka mwaka 1962 ni kazi yake. Kwa kukosa benchi, aliweka plaiwudi juu ya kiti cha bei ghali kilichotoka Uswidi, akaanza kukata. Msumeno ulipomaliza plaiwudi uliingia kwenye kiti.

Wengi wetu tungeficha kiti na kunyamaza. Hickman aliona kwamba mtu anayefanya useremala mdogo nyumbani hana pa kubania ubao. Benchi la fundi ni zito, halitoki karakanani, na halipiti mlango wa chumba cha kulala. Alichokuja nacho hatimaye ni meza ndogo ambayo uso wake ni mbao mbili ndefu, na mbao hizohizo ndizo taya za jiliwa. Kila upande una skrubu yenye mpini wake, kwa hiyo hata kipande kilicho kipana huku na chembamba kule hubanwa kikatulia. Miguu hukunjwa. Chini kuna kikanyagio: fundi akiweka mguu pale, uzito wake mwenyewe unalizuia benchi lisicheze. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo ambacho seremala mzoefu angekishangaa. Ujanja ulikuwa katika kuvikutanisha.

Akapeleka mfano wake kwa watengenezaji wa zana. Stanley wakamwambia kitauzwa kwa madazeni, hata mamia hakitafika. Black & Decker nao wakakataa. Ni rahisi kuwacheka leo, lakini naona walipokosea. Walipima soko kwa mafundi waliowafahamu, na hao tayari walikuwa na mabenchi. Mtu wa kawaida mwenye nyumba, mwenye rafu mbili za kupachika Jumamosi, hakuwa kwenye hesabu yao. Hickman akatengeneza mabenchi yake mwenyewe na kuanza kuyauza mwaka 1968. Yaliponunuliwa, Black & Decker wakarudi mezani; mwaka 1973 benchi likaingia madukani kwa jina la Workmate, na kufikia mwaka 1981 yalikuwa yameuzwa milioni 10. Hickman alilipwa mrabaha, akahamia kisiwa cha Jersey, akafa huko mwaka 2011 akiwa tajiri.

Sasa jiulize kwa nini kampuni kubwa iliyokwisha kuliona benchi, ikalipima na kulikataa, ilirudi kumlipa badala ya kulitengeneza kimyakimya. Jibu ni hataza. Walioiga baadaye alikutana nao mahakamani, akawashinda. Bila hati ile, angebaki na sifa ya mtu aliyekata kiti chake.

Mgongano wa nani alikuwa wa kwanza una mzizi mrefu kuliko Hickman. Maseremala wa leo wanakipenda kifaa kingine kidogo cha kubebeka: mbao mbili nene na skrubu mbili, kinachowekwa juu ya meza yoyote ili kuinua ubao ufike usawa wa kifua. Ukikata viungo vya droo kwa msumeno wa mkono, mgongo utakushukuru. Karibu dunia nzima ya useremala hukiita jiliwa la Moxon. Joseph Moxon alikuwa mchapaji wa London, mtengenezaji wa ramani na tufe, aliyeanza kutoa mwaka 1678 mfululizo wa vijitabu kuhusu kazi za mikono, Mechanick Exercises. Humo jiliwa lenye skrubu mbili limechorwa na kuelezwa kidogo tu. Hakulibuni. Hata michoro yake ya zana za useremala kwa sehemu kubwa ilitoka katika kitabu cha Mfaransa André Félibien kilichochapwa mwaka 1676, na Félibien naye alikuwa mwandishi, si seremala.

Kwa hiyo aliyechonga skrubu za mwanzo za mbao, akazijaribu, zikavunjika, akachonga nyingine, hatajwi popote. Jina limekwenda kwa mtu wa wino. Nasikia wanaosema hiyo ni dhuluma. Mimi namlaumu Moxon kidogo sana. Bila watu wa wino kama yeye tungekosa hata mchoro.

Wabunifu wasiotajwa bado wapo. Ukipita Keko, Dar es Salaam, au Gikomba, Nairobi, utaona vibanio na meza za kukunja ambazo fundi amezibuni kwa vyuma chakavu na vipande vya mninga au msaji. Fundi akimaliza, jambo la kwanza ni kupiga picha na kuirusha kwenye simu ili wateja waone. Hapo ndipo anapojifunga. Sheria ya hataza inataka kitu kiwe kipya, na picha iliyokwisha kusambaa inaweza kukifanya kisiwe kipya tena. Kenya humpa mbunifu miezi 12 ya kuomba tangu alipokitangaza mwenyewe. Ulaya haina huruma hiyo, na aliyetaka hataza ya huko amekwisha kuchelewa. Tena si lazima kiwe kitu kikubwa. Kwa marekebisho madogo yenye faida, kama taya iliyobadilishwa umbo au bawaba iliyohamishwa, sheria ya Kenya ina cheti cha modeli ya matumizi, ambacho hakidai ugunduzi wa kushangaza. Kinadai upya na matumizi. Ofisi zipo: BRELA kwa Tanzania Bara, KIPI kwa Kenya, URSB kwa Uganda, na ARIPO iliyoko Harare kwa anayetaka nchi kadhaa kwa ombi moja.

Ada zipo, na karatasi zinachosha. Sitadanganya kwamba kila kibanio kinastahili gharama hiyo. Lakini fundi mwenye kifaa ambacho majirani watatu wamekwisha kuomba kukiazima ana sababu ya kutosha kwenda kuuliza. Chora kifaa chako, andika kinavyofanya kazi, weka tarehe. Na kama unakusudia kukionyesha kwenye maonyesho ya Sabasaba, ombi lako lifike BRELA kabla banda halijafunguliwa.