Je, Ni Vema Kumcheka Aangukaye?



Siku moja mwaloni hapa Mwanza kijana mchukuzi alikuwa akishuka kwa ubao kutoka katika boti la visiwani, gunia la dagaa kichwani. Mguu ukateleza, akaanguka majini pamoja na gunia lake. Sote tuliokuwa ufukoni tukaangua kicheko, nami nilicheka hadi machozi. Kijana akainuka, akalitazama gunia lililolowa, akasema polepole, "Sasa nitalipa na nini?" Ndipo nikaona haya.

Tangu siku ile najiuliza: je, kucheka kwetu kulikuwa dhambi? Mithali 17:5 yatuonya tusiufurahie msiba wa mtu. Lakini Kiswahili chetu kina neno "chale", yaani mtu afanyaye vituko ili watu wacheke. Husemwa kwamba neno hilo limetokana na jina la Charlie Chaplin, Mwingereza aliyepata sifa katika picha za sinema zisizo na sauti. Picha hizo Msukuma, Mkerewe na Mhaya waweza kuzifuata bila mkalimani, maana mtu akianguka, kila kabila huelewa. Je, tunaomcheka chale nasi twakosa?

Tazameni kwanza kwamba chale huanguka kwa hiari yake, na gharama huilipa mwenyewe. Harold Lloyd alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia mwaka 1919, bomu alilodhani la kuchezea lilipolipuka. Buster Keaton aliumia mfupa wa shingo katika picha ya mwaka 1924, asijue mpaka baada ya miaka mingi. Hao walitupa anguko lao kama zawadi. Mchukuzi yule hakutupa kitu. Sisi ndio tuliojitwalia.

Naye Chaplin aliyajua machungu. Alizaliwa mwaka 1889, na alipokuwa na miaka saba aliingizwa katika nyumba ya maskini huko London. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1964, anaeleza jinsi kondoo mmoja alivyoponyoka njiani kwenda machinjioni. Watu walimkimbiza, wakajikwaa na kuanguka, na mtoto Charlie akacheka sana. Lakini kondoo alipokamatwa, akatambua anapelekwa kuchinjwa. Akamkimbilia mama yake akilia.

Ndugu zangu, sidhani kicheko cha kwanza cha mtoto yule kilikuwa dhambi. Kicheko hutoka kabla mtu hajafikiri, kama chafya. Swali ni hili: baada ya kucheka, macho yetu yanaona nini? Yule mtoto aliona mauti ya kondoo, akaacha kucheka. Mwingine huona, akaendelea kucheka. Hapo ndipo dhambi inapoingia.

Siku ile mwaloni mama mmoja muuza samaki alicheka kama sisi, tena kwa sauti kuliko sisi. Lakini huku akicheka alikunja kanga yake, akaingia majini, akamshika kijana mkono, wakalivuta gunia pamoja hadi mchangani na kuanza kuanika dagaa.

Mimi nilikuwa nimeacha kucheka. Lakini nilibaki nimesimama ufukoni, miguu yangu mikavu.