Je, Kujiunga na Bima ya Afya ni Kukosa Tawakali?

Ndugu msomaji, tuchukue mfano wa mkulima wa Keza, wilayani Ngara. Ameuza maharage yake, watoto wake wote ni wazima, na mwandikishaji wa bima ya afya amefika mlangoni kumtaka mchango wa mwaka. Mkulima anajibu: "Mimi namtegemea Mungu. Kulipia ugonjwa usiokuja ni kuuita." Je, maneno haya ni imani, au ni uzembe uliovikwa kanzu ya imani?

Yafaa kwanza tufahamu jambo lenyewe. Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kwa majaribio wilayani Igunga katikati ya miaka ya 1990, ukatungiwa sheria mwaka 2001. Ulipoboreshwa mwaka 2018, mchango katika mikoa kama Kagera uliwekwa kuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita, wapate kutibiwa kuanzia zahanati na, kwa rufaa, hadi hospitali ya mkoa. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Ama juu ya tawakali, tutazame historia ya Islam. Hadhrat Umar r.a., Khalifa wa pili, akiwa njiani kwenda Shamu, alipata habari ya tauni, akaamua kurudi. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu, alieleza kwamba hata kurudi kwake kumo katika kadari hiyo hiyo. Na mkulima wetu mwenyewe hupalilia shamba lake, wala hadhani kwamba jembe ndilo liitalo magugu.

Lakini ipo hoja nzito zaidi. Husema: "Nikilipa nami nisiugue, fedha yangu imekwenda bure." La, haikwenda bure. Imemtibu jirani aliyevunjika mguu, ambaye pengine angeuza mbuzi wake au kipande cha shamba. Aliyebaki mzima amepata mafungu mawili: afya yake, na sehemu katika kupona kwa mwenzake. Basi hii si kamari; mcheza kamari hupata kwa hasara ya mwenziwe, lakini hapa hakuna atamaniye kuvunjika mguu ili apate faida.

Kinyume chake, anayengoja mpaka augue ndipo ajiandikishe, anataka kula chungu asichokichangia. Wote wakifanya hivyo, mfuko utabaki na wagonjwa peke yao, nao utakauka. Vilevile anayemwandikisha mtoto wa jirani kuwa wake amesema uongo, ingawa moyo wake una huruma. Na mfuko ni amana ya watu wengi.

Huruma ya kweli inayo njia iliyonyooka. Ikiwa jirani hana uwezo, watu watano au sita wa kitongoji wamchangie, aandikishwe kwa jina lake mwenyewe, na watoto wake kwa majina yao.

Basi, ndugu msomaji, usijiulize tu, "Nitapata nini nikiugua?" Jiulize pia, "Ni nani atakayepona kwa sababu mimi sikuugua?" Mwenyezi Mungu atujalie kumtegemea Yeye bila kuwatupa waja Wake. Amin.