Somo la 6: Mkuki Ukutani

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya juma hili: 1 Samweli 18:5–29, 19:1–10, 22:6–19, sura ya 24 na ya 26, Mathayo 18:15–17, 1 Petro 2:18–23.

Fungu la Kukariri: Mithali 31:8, 9.

Daudi hukumbukwa kuwa mchungaji wa kondoo, mwimbaji na mfalme. Ni mara chache washiriki hukumbuka kwamba aliwahi pia kuwa mtumishi chini ya mkuu wa kazi. Alitolewa nyumbani kwa Yese, akaingizwa katika nyumba ya mfalme ili apige kinubi, akafanywa mchukua silaha, kisha akawekwa juu ya watu wa vita. Mkuu wake alimpenda sana hapo mwanzo (1 Samweli 16:21). Taabu iliyomfikia baadaye ilitoka papo hapo kazini, mkononi mwa yule aliyemwajiri, na wenzake wakiona.

Wako washiriki wanaoijua hali hiyo. Huja kanisani wakiwa wachangamfu, lakini Sabato inapokaribia kuisha huanza kuumwa tumbo kwa kuwaza zamu inayofuata. Wengi hawasemi lolote darasani, kwa sababu wanadhani kusema ni kunung'unika, na kwamba mwana wa Mungu hupaswa kumeza kila kitu. Juma hili litachunguza kama Daudi alimeza kila kitu.

JUMAPILI: Kulitambua jambo lenyewe

Soma 1 Samweli 18:5–29. Ni katika mambo gani Sauli alimtendea Daudi vibaya kabla na baada ya kumtupia mkuki?

Si kila ukali wa mkubwa wa kazi ni uonevu. Msimamizi anayemwandikia barua ya onyo mfanyakazi aliyechelewa mara nne anafanya wajibu wake, na Mkristo mvivu asijifiche nyuma ya Daudi. Uonevu una sura yake. Heinz Leymann, mtaalamu wa saikolojia aliyefanya kazi Sweden na kuanza kuuchunguza katika miaka ya 1980, aliutambua kwa kujirudia kwake: matendo ya uadui yanayomwandama mtu mmoja, angalau mara moja kila juma, kwa nusu mwaka au zaidi, mpaka anakosa namna ya kujitetea. Shirika la Kazi Duniani, katika Mkataba namba 190 uliopitishwa Juni 2019, lilikwenda mbele zaidi na kusema hata tendo la mara moja laweza kuhesabiwa kuwa ukatili au unyanyasaji kazini.

Sasa tazama yaliyompata Daudi. Hakukosa kazi, bali alifanikiwa, na wanawake wakaimba. Tangu siku hiyo Sauli akawa anamwangalia kwa jicho baya (fungu la 9). Kisha ukaja mkuki, na Daudi akaepa mara mbili. Lakini mkuki ulikuwa sehemu ndogo tu ya habari. Sauli akamhamisha kutoka karibu naye na kumpa askari elfu (fungu la 13). Akamwahidi Merabu, na wakati ulipofika akampa mtu mwingine (fungu la 19). Akawatuma watumishi wake waende wakaseme na Daudi kwa siri, kwa maneno matamu (fungu la 22). Akampa kazi ya hatari akitumaini kwamba hatarudi (fungu la 25).

Ukiyachukua mambo hayo moja moja, kila moja lina jina zuri. Kuhamishwa kuliitwa kupandishwa cheo. Mtego uliitwa harusi. Ndivyo ilivyo hata leo. Muuguzi hupangiwa zamu za usiku mfululizo, na anapouliza anaambiwa kwamba yeye ndiye anayeaminika zaidi. Karani wa stoo huachwa nje ya kundi la WhatsApp la idara, kisha hukaripiwa kikaoni kwa kutojua lililotangazwa humo. Mhasibu Mwadventista hupewa hesabu za mwezi Ijumaa saa tisa alasiri, kila mwezi, na mtu anayejua vizuri jua huzama saa ngapi. Jina la mwalimu huondolewa kwenye orodha ya semina kwa mara ya tatu. Akilalamikia jambo moja ataonekana mtoto. Ndiyo maana anayeonewa huanza kujishuku mwenyewe, kama Daudi alivyomwuliza Yonathani amefanya nini na kosa lake ni lipi (1 Samweli 20:1). Yonathani hakuweza kumtajia kosa, kwa sababu halikuwapo.

Maandiko yanataja kilichokuwamo moyoni mwa Sauli, na ni jambo la kushangaza: hofu. Mafungu ya 12, 15 na 29 yote yanasema Sauli alimwogopa Daudi. Mwenye mkuki alikuwa anamwogopa mwenye kinubi.

JUMATATU: Waliosimama pale

Soma 1 Samweli 22:6–19. Sauli alitumia maneno gani kuwafanya watumishi wake wawe upande wake?

Sauli ameketi chini ya mti, mkuki mkononi, na watumishi wake wamemzunguka. Anawauliza kama mwana wa Yese atawapa mashamba na mizabibu na kuwafanya wakuu wa maelfu. Halafu anajisikitikia kwamba hakuna hata mmoja anayemhurumia. Katika hotuba hiyo fupi mna zawadi, mna vitisho, na mna machozi ya mtu anayetesa wengine huku akijiona ndiye anayeteswa. Doegi Mwedomi aliielewa haraka. Alijua habari kidogo, akaitoa kwa wakati uliomfaa, na makuhani themanini na watano wakafa kwa ajili yake.

Wale askari wengine ni wagumu zaidi kuhukumiwa. Walipoamriwa kuwaua makuhani walikataa kunyosha mkono. Huo ni ujasiri wa kweli, na yafaa wapewe heshima yake. Lakini hakuna andiko linaloonyesha kwamba walisema neno, au kwamba walimzuia Doegi. Mikono yao ilibaki safi na Nobu ikaangamia. Mahali pengi pa kazi pamejaa watu wa namna hiyo. Hawamcheki anayedhalilishwa kikaoni. Huinamisha macho kwenye daftari, na kikao kikiisha humfuata kwenye korido na kumnong'oneza pole. Pole hiyo ina thamani, lakini msimamizi hakuisikia.

Yonathani alifanya tofauti. Alikwenda kwa baba yake, akamsema Daudi vizuri mbele yake, akamkumbusha kazi ambayo Daudi alikuwa amefanya na furaha ambayo mfalme mwenyewe aliipata siku ile (1 Samweli 19:4, 5). Alikuwa na cha kupoteza kuliko askari wote, maana kiti cha enzi kilikuwa chake. Na baadaye mkuki ulimgeukia yeye (20:33).

JUMANNE: Neno la Petro

Soma 1 Petro 2:18–23 pamoja na 1 Wakorintho 7:21 na Matendo 12:6–11.

Hapa ndipo wengi hufungwa mdomo. Petro anawaambia watumwa watii hata mabwana wakali, na kumtazama Kristo ambaye hakurudisha tukano kwa tukano. Lakini aliwaandikia watu wasiokuwa na mahali pa kushitaki wala uwezo wa kuacha kazi. Aliwapa heshima ya kuonyesha kwamba mateso yao yalifanana na ya Mwokozi. Hakusema mateso yenyewe ni mema. Paulo, akiwaandikia watumwa vilevile, anawashauri kwamba anayeweza kupata uhuru autumie. Na Petro mwenyewe, malaika alipofungua gereza, alivaa viatu vyake akatoka.

JUMATANO: Kurudisha mkuki

Soma 1 Samweli 24 na 26. Daudi alikataa kufanya nini, na alikubali kufanya nini?

Alichokataa kinajulikana katika kila darasa. Pangoni huko Engedi adui yake alikuwa mkononi mwake, na watu wake wakamsukuma, lakini hakumgusa. Hata kule kukata upindo wa vazi kulimchoma moyo. Hakutafuta kisasi, hakumtukana Sauli nyuma yake, wala hakuacha kumwita bwana wake. Huu ni ushindi wa neema, na mtu aliyewahi kudhalilishwa anajua ni mgumu kiasi gani.

Lakini alichokubali kufanya husomwa kwa haraka mno. Mkuki ulipotupwa, aliepa. Hakusimama pale akisubiri kuona kama imani itauzuia. Uliingia ukutani, naye akakimbia usiku uleule (19:10). Kisha akawaambia watu. Alimwendea Samweli huko Rama na kumweleza yote ambayo Sauli alimtendea (19:18), na baadaye akamweleza Yonathani. Samweli, nabii, hakumwambia kwamba anasengenya.

Kisha alikuwa na ushahidi. Upindo ule wa vazi aliushika mkononi akamwonyesha Sauli mbele ya watu wa pande zote mbili, akataja alichotendewa na kile ambacho yeye hakutenda (24:9–11). Katika kilima cha Hakila alichukua mkuki na gudulia la maji. Maneno yake yalikuwa ya upole, na yalisemwa kwa sauti iliyosikika.

Mara zote mbili Sauli alivunjika moyo. Mara ya kwanza alilia. Mara ya pili alikiri kwamba amekosa, akamwita Daudi mwanawe, akamwomba arudi, akaahidi kwamba hatamdhuru tena (26:21). Hapo ndipo habari hii inapomfikia mwenye kuonewa kwa namna ya pekee, kwa sababu Daudi alikuwa amekwisha kurudi mara moja. Sauli aliapa mbele ya Yonathani, Daudi akaletwa, akaendelea na kazi yake kama kwanza, na mkuki ukatupwa tena (19:6–10). Safari hii Daudi anasimama mbali, juu ya mlima, nafasi kubwa ikiwa kati yao (26:13). Halipi baya kwa baya. Hata mkuki haubaki nao, ingawa ni silaha iliyokusudiwa kumwua. Anasema kijana mmoja avuke aje auchukue (26:22). Yeye mwenyewe hauvushi.

Fungu la 25 linasema Daudi akaenda zake, na Sauli akarudi mahali pake. Daudi alikuwa amesamehe. Hakuna aliyeonyesha msamaha kwa Sauli kumzidi. Hata hivyo hakurudi tena mahali ambapo mkuki ungeweza kumfikia, na Mungu hakumkemea kwa hilo.

ALHAMISI: Njia zilizo wazi leo

Soma Mathayo 18:15–17 na Matendo 16:35–39.

Agizo la Yesu kuhusu kumwendea ndugu peke yake ni la thamani, na migogoro mingi ya kazini ingeishia hapo kama lingefuatwa. Ila halikutolewa ili msichana wa mafunzo kazini afungiwe ofisini peke yake na mkuu anayemtisha. Yesu mwenyewe aliweka hatua ya pili, yenye mashahidi, na ya tatu, yenye kusanyiko.

Upindo wa vazi wa siku hizi ni daftari dogo: tarehe, saa, maneno yaliyosemwa, nani alikuwepo. Ujumbe wa simu usifutwe. Malalamiko yaandikwe na nakala itunzwe. Kisha kuna ofisi ya utumishi na chama cha wafanyakazi. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kwa sababu kama dini, kabila au jinsia kuwa ubaguzi uliokatazwa. Sheria hiyo pia inatambua kwamba mtu aliyejiuzulu kwa kuwa mwajiri alifanya kazi isivumilike aweza kuhesabiwa kuwa ameachishwa. Shauri hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na la kuachishwa kazi lina siku 30 tu, kwa hiyo asiyejua sheria aweza kuchelewa akiwa bado anaomba. Paulo aliomba na kuimba gerezani Filipi, na asubuhi alidai haki yake ya uraia mpaka wakuu wakaja wenyewe.

Lisifichwe neno moja la mwisho. Shule na hospitali zinazofungua kazi kwa ibada ya asubuhi nazo zaweza kuwa na Sauli wao, na huko ni vigumu zaidi kusema, kwa sababu mkuu wa kazi huenda ndiye mzee wa kanisa. Sauli naye alikuwa masihi wa Bwana, aliyepakwa mafuta na nabii wa kweli, na mkuki wake ulikuwa na ncha ileile.

IJUMAA: Jambo la kujifunza zaidi

Soma Mwanzo 31, uone jinsi Yakobo alivyomtaja Labani kwa hesabu: miaka 20 ya utumishi, na mshahara uliobadilishwa mara kumi. Angalia alivyongoja neno la Mungu kabla ya kuondoka, na mpaka uliowekwa kati ya watu hao wawili mwishoni.

Maswali ya kujadili:

1. Mshiriki wa darasa anasema msimamizi wake amemwomba radhi na kumtaka arudi idara ileile. Ukilinganisha 1 Samweli 19:6, 7 na 26:21–25, mtamshauri aangalie nini kabla ya kujibu?

2. Kuna tofauti gani kati ya askari wa 1 Samweli 22:17 na Yonathani wa 19:4? Kazini kwako, wewe umesimama wapi katika mwezi huu uliopita?

3. Ikiwa anayeonea na anayeonewa wote ni washiriki wa kanisa lako, ni nani kati yao anayefikiwa kwanza na mchungaji na wazee, na kwa nini?