Kikoa Huchaguliwa, Upeo Hugunduliwa

Chukua uzio wa mita 20 uzungushie bustani ya mstatili. Upana ukiwa x, urefu utakuwa 10 − x, na eneo litakuwa x(10 − x). Wengi watasema fanksheni, yaani njia ya kuipa kila x jibu lake moja, imeshapatikana, kilichobaki ni kukokotoa. Nasema bado. Kanuni hiyo haijatuambia x ni namba zipi. Ipe −3, itakujibu −39 bila kusita; ipe 12, itakujibu −24. Haijui kwamba hakuna bustani yenye upana hasi. Tunaojua ni sisi, na ujuzi huo tunauweka katika kikoa, yaani seti ya thamani zote ambazo fanksheni imeruhusiwa kuzipokea. Hapa ni namba zilizo kati ya 0 na 10.

Darasani kikoa hufundishwa kama ukaguzi wa haraka: usigawanye kwa sifuri, usitafute kipeuo cha pili cha namba hasi, endelea. Makatazo hayo yana sababu. Kama 1 ÷ 0 ingekuwa namba fulani, namba hiyo ikizidishwa kwa 0 ingelazimika kutoa 1, na kila namba ikizidishwa kwa 0 hutoa 0. Lakini kukiona kikoa kuwa orodha ya makatazo tu ni kukipunja. Zamani kanuni ndiyo iliyohesabiwa kuwa fanksheni: hata mwanahisabati Leonhard Euler, katika kitabu chake cha mwaka 1748, aliifafanua fanksheni kwa kanuni inayoandikwa. Lakini mwaka 1829 mwanahisabati Dirichlet alileta fanksheni inayotoa thamani moja kwa kila namba inayoandikika kama sehemu, na thamani nyingine kwa namba zote zilizobaki. Huwezi kuichora, na bado ni fanksheni. Siku hizi kikoa huhesabiwa kuwa sehemu ya fanksheni yenyewe: kibadilishe, uiache kanuni kama ilivyo, na umepata fanksheni nyingine.

Upeo ni seti ya majibu yanayotoka kweli, na hapo ndipo penye uzito. Kikoa tunakichagua, upeo hatuuchagui. Ukishakubali kwamba x iko kati ya 0 na 10, huna tena la kuamua. Eneo litapanda hadi mita za mraba 25, pale x inapokuwa 5, wala halitazidi hapo, hata kama una watoto wengi wa kuwalisha na ungehitaji 26. Hakuna aliyeitunga 25. Ilikuwa imefungwa ndani ya uamuzi wetu kabla hatujaiona, na hiki kwangu ndicho kinachoipa hisabati heshima yake: hiari inatangulia, kisha ulazima unafuata usiojali mtu.

Basi tunaposema jambo haliwezekani, tunasema juu ya kikoa gani? Girolamo Cardano, daktari na mwanahisabati wa Italia, aliligusa swali hili mwaka 1545. Alitaka kuigawa 10 katika sehemu mbili ambazo zikizidishwa zitatoa 40. Ni x(10 − x) ileile ya bustani yetu, na 40 iko mbali nje ya upeo. Cardano hakuishia hapo. Aliandika 5 pamoja na kipeuo cha pili cha −15, na 5 kutoa kipeuo hichohicho, akazizidisha, ikatoka 25 + 15, yaani 40. Mwenyewe aliona hesabu hiyo ni ya hila na haina faida. Mwaka 1572 Rafael Bombelli akachapisha kanuni za kuzitumia namba za aina hiyo, ziitwazo sasa namba changamano, na leo wahandisi wa umeme wanazitumia kila siku.

Cardano hakuuvunja upeo. Alikipanua kikoa, na upanuzi huo una gharama yake. Miongoni mwa namba changamano hakuna mpangilio wa kubwa na ndogo unaopatana na kujumlisha na kuzidisha. Kwa hiyo katika kikoa kinachoipa 40 jibu lake, swali la mwenye bustani, kwamba eneo kubwa kuliko yote ni lipi, haliulizwi tena.