Maji ya Ua

Je, ni haki kumwagilia ua wakati migomba ya jirani inanyauka? Swali hili sikulipata vitabuni. Nililipata barazani kwangu, Marangu, nilikotundika makopo ya lobelia, yale maua madogo ya buluu yanayoning'inia kama shanga. Asili yake ni kusini mwa Afrika. Hayapendi udongo mkavu, na kopo lililotundikwa hukauka upesi. Yasahau siku chache za kiangazi, umeyapoteza.

Kwetu maji ya shamba huja kwa mfongo, mfereji uliochimbwa na wazee kutoka mtoni, na kila kihamba kina zamu yake. Februari moja zamu yangu ilikwisha, nami sikuyaachia maji yaende chini. Nilitaka kwanza kujaza ndoo mbili za maua. Bibi jirani akapanda kuona kulikoni. Akayatazama maua, akazitazama ndoo, akauliza: "Mwanangu, hayo mnakula majani au mizizi?"

Sikuwa na jibu. Lobelia hailiwi, ina sumu. Nikayaachia maji, nikamtaka radhi.

Usiku ule nilikuwa tayari kuyang'oa. Lakini je, kosa lilikuwa la ua? Kama kisicholiwa hakistahili maji, basi hata masale tunayopanda mipakani, ambayo jani lake tunampelekea mtu tuliyemkosea, ni upuuzi. Binadamu haishi kwa ndizi tu. Ila jirani yangu naye alizihitaji ndizi zake. Kosa langu lilikuwa kuugharamia uzuri wangu kwa maji ya mwenzangu.

Juu ya msitu wa Kilimanjaro, kwenye mita 4,000 hivi, huota ndugu mkubwa wa ua langu, Lobelia deckenii, aliyepewa jina la Mjerumani von der Decken, aliyefika mlimani mwaka 1861. Majani yake yamejipanga kama bakuli na hushika maji. Usiku maji ya juu huganda, ya chini yakalinda chipukizi lisife kwa baridi. Mmea hauna dhamiri, nami sitausingizia. Lakini nikiukumbuka huona haya: wenyewe hujilinda kwa maji yaliyomo katika majani yake.

Siku hizi maua yangu hunywa maji niliyooshea mboga. Makopo sita yamebaki mawili, ndiyo yanayotoshwa na maji hayo. Bibi akipita husimama kuyatazama. Hajaniuliza tena yanaliwaje.